Roho Tatu kwa Vikombe vya Stili: Alhamisi ya Pool Tabata

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Alhamisi ya Roho Tatu pale Tabata Kimanga ndiyo jioni ya pool iliyopangwa vizuri kuliko zote nilizocheza Dar es Salaam, na nimecheza baa nyingi, kuanzia Mwananyamala mpaka Mbagala. Jina la baa siliandiki. Mwenyewe, mama mmoja wa makamo anayekaa kaunta na daftari lake, aliniomba nisilitaje kwa sababu uwanja ni mdogo, meza ni moja, na wateja wake wa Alhamisi tayari wanagombania nafasi. Wa Kimanga wataitambua wenyewe. Wewe wa Ubungo au Kigamboni soma hivyo hivyo, maana ninachokisifu ni utaratibu, na utaratibu unahamishika. Unataka meza, ubao, chaki na mtu mmoja mwenye msimamo.

Mimi ni muuza vifaa vya simu. Pool nilifundishwa na mjomba wangu Moshi, kwenye baa yake ya Majengo, enzi zile mashindano ya taifa ya Safari Lager yakiwa na nguvu. Mikoa ilikuwa inapeleka klabu zake, vyuo vikuu navyo vilikuwa na mashindano yao, na watu walikuwa wanajadili mpigo wa mtu mwezi mzima. Mjomba hakuruhusu chupa karibu na meza yake. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna baa wanacheza pool ya kunywa, nilienda nikiwa na mashaka ya haki kabisa.

Mchezo wenyewe kwanza. Pool tuliyoizoea ni ya watu wawili. Huyu anachukua mipira ya rangi nzima, yule ya mistari, saba kwa saba, halafu nyeusi. Wengine wote wanakaa wanatazama, wamepanga sarafu ukingoni mwa meza kungoja zamu, na ukikutana na fundi unaweza kukaa saa nzima bila kushika stiki. Roho Tatu inawachezesha wote kwa pamoja. Waingereza wanauita Killer, na kwenye baa za kwao ni mchezo wa kawaida kabisa, wenye ubao wake na majina yake. Hapa Kimanga wameupa jina letu na kuongeza sheria zao.

Kura inapigwa kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia ya kaka wa ubao, yule anayeandika majina na kufuta mistari. Majina yanaandikwa kwa mpangilio uliotoka, na mbele ya kila jina kuna mistari mitatu ya chaki. Hizo ndizo roho zako. Zamu ikifika unapiga mara moja tu, na lazima uingize mpira, wowote ule, shimo lolote. Ukiingiza umepona, unampisha wa pili yako. Ukikosa, mstari mmoja unafutwa. Mpira mweupe, ule wa kupigia, ukitumbukia, mstari unafutwa hata kama umeingia pamoja na mwingine. Anayepasua, yaani anayepiga wa kwanza kuitawanya pembetatu ya mipira, hapotezi roho. Nyeusi ikiingia kihalali unarudishiwa mstari mmoja, lakini huwezi kuzidi mitatu. Mipira 15 ikiisha wanaingiza tokeni nyingine, pembetatu inapangwa upya, na zamu inaendelea pale ilipoishia. Wa mwisho mwenye mstari ubaoni ndiye mshindi. Watu wanane wanamaliza mzunguko bila kufika saa moja.

Sasa kinywaji, maana hapo ndipo baa hii inapozipita nyingine.

Kila roho inayopotea inalipiwa kikombe kimoja. Si glasi, ni kikombe kidogo cha stili kisichoonyesha kilichomo, na mama wa kaunta anavipima kwa kipimo cha mililita 100. Kabla ya mchezo unaenda kaunta mmoja mmoja, unamwambia kwa sauti ya chini unakunywa nini. Safari, Kilimanjaro, Serengeti Lite, Stoney Tangawizi, au maji. Yeye anaandika kwenye daftari, anajaza vikombe vyako akiwa nyuma ya kaunta, na dada mhudumu anavileta kwenye sinia, kila kimoja na namba yake iliyoandikwa kwa rangi ya kucha kwenye kitako. Ukipoteza roho unachukua namba yako, unakunywa, unarudisha kikombe kwenye sinia kikiwa kimefunikwa. Hakuna mezani anayejua umekunywa nini, na kuuliza ni kosa la kufutiwa mstari.

Nataka nilikazie hili. Sote tunajua kinachompata mtu akiagiza soda baa. Swali la kwanza, "Uko kwenye dozi?" La pili, kama ni mwanamke, lina heshima ndogo zaidi na silirudii hapa. Mwingine kweli yuko kwenye dozi, mwingine anaendesha, mwingine ameacha pombe na bado anajifunza kukaa na watu bila chupa, mwingine dini yake haimruhusu lakini pool anaipenda na rafiki zake wako pale. Michezo ya kunywa niliyoikuta kwingine inamlazimisha mtu wa namna hiyo aidha ajieleze mbele ya watu, aidha akae pembeni ashike mikoba ya wenzake. Kikombe cha stili kinamaliza habari yote hiyo. Niliwahi kukaa mezani na kijana aliyeshinda mizunguko miwili usiku mmoja, na mpaka leo sijui kilikuwa bia au maji. Sitaki kujua. Nilichokiona ni kwamba alicheza huku mabega yameshuka, kwa amani.

Na kipimo chenyewe kina akili. Roho tatu ni mililita 300, haifiki hata chupa moja ya bia ya mililita 500. Ukichagua Safari, ambayo ni asilimia 5.5, mzunguko mzima ukifa mapema umeingiza mwilini kama mililita 16 na nusu za kileo tupu. Linganisha na mambo tuliyoyaona. Wa umri wangu wanakumbuka viroba, vile vipakiti vya pombe kali, kabla serikali haijavipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Adhabu ya kukosa mpira ilikuwa kiroba kimoja, unakirarua kwa meno, unakimaliza ukiwa umesimama. Viroba vilipoondoka, baa nyingine zilihamia kwenye toti ya Konyagi, ambayo ni asilimia 35. Toti tatu za mililita 30 zina kileo kingi kuliko chupa nzima ya Safari, na zinaingia ndani ya dakika chache, tumbo tupu. Baa moja ya upande wa mjini, ambayo nayo siitaji, nilimshuhudia kijana wa miaka ishirini na kidogo akibebwa na wenzake kwenda kwenye bajaji, stiki bado iko sakafuni, na watu wanapiga makofi. Sikurudi pale.

Kuna ubaya mwingine wa mchezo wa namna ile, wa kiufundi kabisa. Anayekosa ndiye anayekunywa. Anayekunywa mkono unalegea. Mkono ukilegea anakosa tena. Kwa hiyo aliyeanza vibaya hana njia ya kurudi, na aliyeanza vizuri anashinda kwa sababu wenzake wamelewa, si kwa sababu amewazidi. Mtu anayeipenda pool hawezi kuufurahia ushindi huo. Pale Kimanga kikombe ni kidogo kiasi kwamba roho yako ya tatu unaipigania ukiwa na macho yale yale uliyokuja nayo. Nimeshaona watu wakibaki na mstari mmoja mapema sana, halafu wakaingiza nyeusi, wakarudi wawili, wakashinda.

Meza ni ile ya tokeni ya futi saba, ya jiwe, si ya mbao. Unajuaje kama imelala sawa? Lisukume polepole tufe moja kandokando ya ukingo mrefu ulitazame linavyokwenda. Hapa linakwenda sawa mpaka karibu na kona ya upande wa choo, ambako linaelemea ndani kidogo, kama upana wa kidole. Wenyeji wanajua na wanaitumia. Kitambaa ni cha bluu, kinapigwa brashi kila jioni kabla ya mchezo, nimeona kwa macho yangu. Msimu wa masika kinakuwa kizito kwa unyevunyevu, mipira haikimbii, kwa hiyo ongeza nguvu kidogo. Mweupe wao ni mkubwa na mzito kuliko mipira mingine, kama zilivyo meza nyingi za tokeni, ili mashine ndani iutofautishe na kuurudisha ukitumbukia. Wenye mazoea ya kuurudisha mweupe nyuma kwa kuupiga chini watapata tabu. Mpira huo unapenda kwenda mbele. Upange mchezo wako kwa kuufuata, usishindane nao.

Sheria yao ninayoipenda kuliko zote ni hii: kikombe, chupa au simu ikiwekwa ukingoni mwa meza, mwenye nayo anafutiwa mstari. Hakuna onyo. Ndiyo maana kitambaa kile hakina hata doa moja la bia, na wanaojua gharama ya kubadilisha kitambaa wataelewa kwa nini mama yule hana mzaha. Mjomba angempa mkono.

Kwa mchezaji, utamu wa Roho Tatu uko kwenye nafasi ya kura. Kwenye pool ya wawili unajiachia mweupe mahali pazuri kwa ajili ya mpigo wako unaofuata. Hapa mpigo unaofuata ni wa mtu mwingine, kwa hiyo kazi yako ni mbili kwa wakati mmoja: ingiza mpira, halafu mweupe uuache mahali pa kumtesa wa pili yako. Uugandamize kwenye raba, ule ukingo wa ndani wa meza. Uufiche nyuma ya kundi. Na umjue huyo wa pili yako. Kama amebaki na mstari mmoja na anaogopa mipigo mirefu, mwachie mrefu. Kinachonogesha ni kwamba aliye kabla yako anakufikiria vivyo hivyo.

Mipira ikibaki miwili hesabu inakuwa kali. Ukiingiza mmoja, wa pili yako analazimika kupiga uliobaki, hana cha kuchagua. Akiuingiza, wa tatu anapata kupasua bure bila hatari. Kwa hiyo unatakiwa kufikiri: huo unaomwachia uko wapi, na nani atafaidi mpasuo? Mara nyingi ni busara kuingiza ule rahisi na kuuacha ule uliojibana katikati ya raba ndefu. Wengi wanafanya kinyume. Wanaona mpira mgumu, wanataka sifa, wanakosa, halafu wanamwachia mwenzao wote wawili. Watazamaji wa Kimanga wanaijua hesabu hii, utasikia ukumbi mzima umenyamaza mipira ikibaki miwili, na mimi ukimya wa namna hiyo nauthamini kuliko muziki.

Nikiwa mwanamke naongeza neno. Baa nyingi nikishika stiki tu, mtu nisiyemjua anasimama nyuma yangu kunifundisha kushika. Hapa sheria inasema mtazamaji akitoa maelekezo, aliyeelekezwa ndiye anafutiwa mstari, isipokuwa akikataa maelekezo yale kwa sauti. Jioni moja mzee mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alianza, "Binti, ipige kwa chini, kwa chini." Kaka wa ubao akageuka na chaki mkononi. "Shikamoo mzee wangu. Ukiendelea kumfundisha dada nitamfutia roho, na yeye hajakuomba." Mzee akacheka, akaitikia, akakaa. Mimi nikasema kwa sauti kwamba sikuyachukua, mstari wangu ukabaki. Hakukuwa na ugomvi, hakukuwa na mtu aliyedhalilika. Wanawake tunaocheza pale Alhamisi tumekuwa wengi, na sababu ni kaka yule.

Bei. Kuingia mzunguko mmoja ni 5,000, unalipa kabla jina halijaandikwa. Hela haishindaniwi taslimu, na hilo nalo nalipenda kwa sababu kamari inaharibu meza haraka kuliko pombe. Zawadi ni kuku mzima wa kuchoma na ndizi, na mshindi ndiye anayeamua akatwe vipi na nani aanze, lakini lazima aliwe na wachezaji wote wanane. Nilipiga hesabu kidogo nikiwa pale, ni ugonjwa wa wafanyabiashara. Watu wanane ni 40,000. Kuku kwao ni 18,000, ndizi 4,000, tokeni mbili au tatu za 500. Vikombe vyote vikinywewa bia ni chupa tano, na bia pale ni 2,500, kwa hiyo 12,500. Inabaki elfu nne hivi, ya kaka wa ubao. Mama haingizi kitu cha maana kwenye mchezo wenyewe, anaingiza kwa watu wanaobaki kuagiza mishikaki na chipsi mayai baada ya kufa mapema. Ni biashara ya haki. Kuku ni mkavu kidogo mapajani, ila pilipili yake ya kusaga na ndimu ni nzuri mno.

Yasiyonipendeza yapo, na nimemwambia mama uso kwa uso kabla ya kuandika.

Taa. Kuna tyubu moja tu juu ya meza, na imefungwa upande mmoja, kwa hiyo mashimo mawili ya mbali yana kivuli. Mchezo unaotegemea mpigo mmoja hauwezi kuwa na kivuli. Tyubu ya pili si gharama kubwa, na hili ndilo ningelirekebisha kwanza.

Stiki ziko nne, lakini mbili ndizo zenye ncha nzuri, moja imepinda, na ya nne imekatwa fupi kwa makusudi kwa sababu ukuta wa upande wa jiko uko karibu mno. Mpira ukiwa upande huo unapigia stiki fupi, na hiyo haina uzito. Kila mtu anapata shida ile ile, ni kweli, ila bahati ya kura inakuwa na nguvu kuliko inavyotakiwa. Nimependekeza mpira ukiwa ndani ya shibiri moja ya raba ya upande ule, mchezaji aruhusiwe kuusogeza. Mama alisema atafikiria. Kaka wa ubao alikataa palepale.

Muziki unapanda ghafla ikifika saa nne usiku, na spika iko juu ya ubao kabisa, hata jina lako likiitwa husikii. Choo ni kisafi mapema jioni, baadaye si kisafi. Mbu wa mfereji wa nyuma ni wengi, vaa suruali.

Kubwa zaidi ni la funguo. Mwenye pikipiki anaacha ufunguo kaunta kabla ya kutaja kinywaji, na akisema bia haupewi mpaka kesho yake asubuhi. Wanalitekeleza kweli, nimeona bodaboda akilalama na kurudi nyumbani kwa miguu. Lakini wenye magari hawaulizwi. Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa kwamba wenye magari ni watu wazima wanajijua. Hapana. Kikombe kile kile, barabara ile ile, na gari ni zito zaidi. Mama ameweza kuwazuia watu kuweka simu mezani, atashindwaje kuchukua ufunguo wa gari? Mpaka atakapofanya hivyo, sitampa alama zote, ingawa moyo wangu unataka kumpa.

Ukiamua kwenda: majina yanaandikwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni na mzunguko wa kwanza unaanza saa mbili kamili. Wanane wakitimia, wewe ni wa mzunguko wa pili, na ikinyesha usitegemee wa tatu. Chini ya miaka 18 hawaandikwi, hata wa maji, na wanaomba kitambulisho. Nenda umekula, kuku mmoja kwa watu wanane ni wa kuonja tu. Chaki yao ni ya kuhesabu, beba ya kwako. Daladala za Kimanga zinapungua ikifika saa nne, ila bajaji za kijiweni pale kona zinakuwepo mpaka mchezo uishe, na madereva wake wengi wanakuwa ndani wakitazama ubao.

Alama zangu: utaratibu wa mchezo tano kati ya tano, meza nne, huduma nne na nusu, taa mbili.